Mtoto Analala kwa Nani

Jambo ambalo hakuna atakayewafundisha mkianza kazi hii ni kwamba watu watawaambia kila kitu, halafu hawatawasalimia. Mtu anakaa mbele yako mwezi wa pili, anavua glavu, anakueleza mshahara wake, talaka yake, na ugonjwa ambao hata dada yake haujui. Unamaliza kazi yake, mnapeana mikono. Mwezi wa sita unakutana naye dukani hapa Hyattsville, wewe umeshika ndizi zako, na yeye anageuka ghafla kutazama sabuni. Msimchukie. Si kiburi. Amekuona wewe akaikumbuka talaka yake, wakati alikuja kununua mchele tu.

Nimewaandalia watu kodi zao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sasa nimewaachia nyinyi kiti. Nilikuwa najua maisha ya watu wetu wengi wa upande huu, Wakenya, Watanzania, Wakongomani, najua nani anasaidia wazazi na nani anasema tu anawasaidia. Jumapili nilikula peke yangu. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mmekosea kitu.

Nilitoka Tabora nikiwa karani wa benki, nikamfuata dada yangu. Dada akahamia Texas, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nimeshapata kazi kwa Papa Ilunga. Huyu alikuwa mzee wa Lubumbashi, ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya kinyozi, na alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto. Hilo lilikuwa tatizo, maana wateja walilazimika kupaza sauti, na chumba cha kusubiri kilikuwa nyuma ya pazia tu. Dawa yake ilikuwa redio. Mteja akianza habari za ndoa, Papa Ilunga ananyoosha mkono na kuongeza sauti. Waliokuwa wakisubiri walijua: redio ikipanda, kuna mtu ameachika.

Msimu wangu wa kwanza niliharibu. Alikuja baba mmoja aliyetalikiana na mkewe, nikamuuliza kwa sauti ya kibenki kabisa, "Mtoto ni wa nani?" Nilimaanisha kwenye kodi. Yeye akasimama, kiti kikaanguka, akasema kama mkewe ndiye aliyenituma basi tukapime damu kesho. Papa Ilunga akamkalisha, akamletea maji, na alipoondoka akanigeukia.

"Salome, kwa hii kazi usiulize mutoto ni wa nani. Hiyo ni neno ya Mungu na ya daktari. Weye uliza analala wapi. Mswaki yake iko wapi? Basi."

Na kweli, hapo ndipo penye sheria yote. Wazazi wakiachana na mtoto akawa wa kwenda huku na huku, watu wa kodi hawaulizi nani anampenda zaidi, wala nani alimnunulia kompyuta. Wanauliza mwaka huo alilala usiku mwingi zaidi kwa nani. Huyo ndiye mwenye haki ya kumwandika mtoto kwenye kodi yake ili apunguziwe. Akitaka kumpa mwenzake haki hiyo, kuna karatasi maalumu anaweka sahihi, na bila karatasi hiyo hukumu ya mahakama haimsaidii mtu. Watu hawaamini. Kuna mzee mmoja alikuja na hukumu yake ameitia kwenye fremu ya kioo, kama picha ya harusi, ameibeba kwenye basi imefungwa taulo. Nilimweleza taratibu, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kama basi kioo angalau kinaweza kurudishwa dukani.

Wengine watawaambia mahakama ilisema nusu kwa nusu. Mwaka wa kawaida haugawanyiki nusu sawasawa. Hakimu anasema nusu, kalenda inakataa, na mzazi mmoja lazima awe na usiku mmoja zaidi. Ukifika mwaka mrefu wakalingana kweli, basi huwa ni yule mwenye kipato kikubwa. Kaeni na jambo hilo kichwani, mtalihitaji.

Zamani ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, ilikuwa inakwenda kwa posta. Wazazi wawili wakimwandika mtoto mmoja, ilichukua muda mrefu mpaka barua ije, na wakati huo hasira zilikuwa zimepoa au mmoja amehama. Siku hizi kompyuta inakataa hapo hapo. Mteja hajavaa koti lake, jibu limeshafika. Mimi naona ni vizuri, ila inabidi uwe tayari, kwa sababu sasa hasira zote zinamwagikia mezani kwako.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Barasa, wakati Papa Ilunga ameshaniachia ofisi ile ya juu ya kinyozi.

Barasa alikuwa Mkenya wa Bungoma, mtu mpole mwenye mabega mapana, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi. Alikuwa anaishi hapa Hyattsville. Mkewe wa zamani, ambaye sote tulimwita Mama Tabitha, alikuwa Gaithersburg, anatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na yeye pia usiku. Binti yao Tabitha alikuwa na miaka kumi na sita. Siku za shule alikaa kwa mama, wikendi na likizo kwa baba. Kwenye talaka walikubaliana kumwandika kwa zamu, mwaka huu mmoja, mwaka unaofuata mwingine. Mwaka huo ulikuwa wa Barasa, na Mama Tabitha alikuwa ameshaweka sahihi ile karatasi na kuituma kwa mkono wa binti. Niliishika mwenyewe. Kila kitu kilikuwa safi.

Alikuja mchana mmoja, theluji chafu imerundikana kando ya barabara. Nikatuma ritani yake. Tukawa tunaongea habari za magoti yake, kompyuta ikajibu: namba ya mtoto huyu imeshatumika.

Barasa alisoma mara mbili. Uso ukabadilika.

"Amenizunguka," alisema. "Anaweka sahihi mbele, halafu nyuma ananizunguka."

"Ngoja kwanza. Mpigie umuulize."

"Sisi hatuongei, Mama. Tunatumiana meseji za mtoto tu. Mpigie wewe."

Nikampigia, nikaweka simu mezani ili wote tusikie. Mama Tabitha alikuwa ametoka usingizini, sauti nzito. Nilipomweleza, akaamka kabisa.

"Mimi? Mimi bado sijafungua hata bahasha moja! Kwa nini nimuibie mtu kitu nilichompa kwa mkono wangu? Mwambie huyo baba, kama ananiona mimi mwizi, aseme."

"Yuko hapa, anakusikia."

Mama Tabitha akasema, "Sawa. Basi amesikia."

Sasa sikilizeni, vijana, kwa sababu hii itawapata. Mkiona baba anaapa na mama anaapa, na wote wawili wana macho ya mtu asiyeelewa, acheni kuwatazama wao. Niliuliza, "Tabitha anafanya kazi?"

Walijibu kwa pamoja, mmoja kwenye simu na mwingine kitini: "Duka la viatu."

Nadhani lilikuwa jambo la kwanza kusema pamoja tangu siku ya mahakama. Barasa akatazama simu, kisha akatazama sakafu.

Niliwaambia waje Jumamosi mchana, wote watatu. Nilijua kilichotokea. Watoto siku hizi wanapata kazi ya jioni, mwajiri anawapa karatasi ya mshahara, nao wanafungua simu na kujifanyia ritani wenyewe ili warudishiwe kile kidogo kilichokatwa. Hilo ni halali. Lakini programu inauliza swali moja: je, kuna mtu mwingine anayeweza kukuandika kuwa mtegemezi wake? Mtoto asiposoma vizuri anaweka hapana, na hapo anakuwa amejiandika mwenyewe. Nilishayaona hayo mara nyingi. Nilidhani na hili ni lile lile: kidole kimeteleza, tunarekebisha, tunacheka, wanakwenda.

Jumamosi Mama Tabitha alifika kwanza, bado amevaa sare ya kazini chini ya koti. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Barasa akaja baadaye, akasalimia kwa kichwa. Tabitha alikuwa mrefu kama baba yake, na alipoingia alitazama viti akachagua cha dirishani, akaacha kimoja kitupu katikati yake na mama. Alikuwa anaelewa Kiswahili chote, ila anajibu Kiingereza, kama watoto wetu wengi. Nitawaandikia maneno yake kwa lugha yetu.

Nilimuuliza kwa upole, "Ulijifanyia kodi kwenye simu?"

"Ndiyo, Anti."

"Ulipofika kwenye swali la kama kuna mtu anayeweza kukuandika, uliweka hapana?"

"Ndiyo."

"Hukulielewa swali?"

"Nililielewa."

Mama yake akageuka. "Tabitha. Ulielewa?"

"Nililisoma mara kadhaa. Walieleza chini yake. Walisema mtu anayeishi na wewe, anayekutunza. Nikafikiri kidogo, nikaweka hapana."

"Kwa nini uliweka hapana?" Hilo lilikuwa swali la Barasa, na hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu.

Tabitha alikuwa anakunja na kukunjua mkono wa sweta yake. Mama yake akasema, "Mjibu baba yako. Na umjibu kwa Kiswahili, si unakijua."

Na msichana akasema kwa Kiswahili, maneno anayatafuta moja moja: "Kwa Mama, mimi nalala peke yangu. Kwa Dad, mimi nalala peke yangu. Wapi mtu?"

Chini, mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma, na mtu alicheka huko.

Kisha akarudi kwenye Kiingereza na maneno yakatoka yote. Akirudi kutoka dukani Mama anakuwa anatoka, wanakutana mlangoni, mmoja ana koti, mwingine anavua koti. Anafunga mlango mwenyewe. Anakula amesimama jikoni, kwa sababu kukaa mezani peke yake hakupendi. Wikendi kwa baba ni vilevile, ila friji ni nyingine. Baba akirudi asubuhi anamkuta amelala, baba akiamka jioni yeye yuko dukani. Alisema kazi ya viatu aliitafuta kwa sababu huko kuna watu.

"Mimi nafanya hiyo kazi kwa ajili yako," mama yake alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Najua. Nyote wawili, najua. Ndiyo sababu sikusema."

Barasa alifunika uso kwa mikono. Halafu akaongea na mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa rahisi kutazamwa. "Nikirudi asubuhi nafungua friji, naona chakula kimepungua. Nilikuwa nafurahi, Mama. Nasema, mtoto wangu anakula vizuri."

Mimi nilikuwa na kazi ya kufanya, na nadhani walishukuru kwamba kulikuwa na kazi. Nilimweleza Tabitha kwamba kwa sheria swali halikuwa kama kuna mtu chumba cha pili. Usiku anaolala kwenye nyumba ya mama unahesabiwa wa mama, hata kama mama yuko kazini. Wa nyumba ya baba ni wa baba.

Alinitazama. "Kwa hiyo ni nyumba?"

"Ni nyumba."

"Basi nyumba ndiyo mzazi wangu," akasema, akacheka kidogo. Mama yake akaondoka kwenye kiti chake akaenda kukaa kile kilichokuwa kitupu. Hakumkumbatia. Alichukua ule mkono wa sweta uliokuwa unakunjwa, akaukunjua vizuri, akaushika hapo hapo.

Tukafanya marekebisho. Tabitha akatuma sahihisho la ritani yake, na ya Barasa nikaipeleka kwa posta kama enzi za Papa Ilunga, maana njia hiyo haikatai, inachelewa tu. Mambo yakaja kukaa sawa. Kama kisa hiki kingekuwa cha kodi peke yake, kingeishia hapo, na ningewaambia tu: wateja wenu wenye watoto wanaofanya kazi, waulizeni kabla hamjatuma.

Siku ile walipoondoka, niliwaona kupitia dirishani. Walisimama pale chini kwenye baridi, watatu, kila mtu na ufunguo wake mkononi. Nilidhani labda watakwenda kunywa chai. Barasa aliangalia saa, alikuwa na zamu. Akamshika Tabitha kichwani, akaenda kituo cha basi. Ingawa ilikuwa wikendi ya baba, mama na binti wakaingia kwenye gari. Mimi nikafunga ofisi, nikarudi kwangu, na usiku ule nilikula mezani, nimeweka sahani na kitambaa. Sijui nilikuwa namwonyesha nani.

Barasa hakuweza kupata zamu ya mchana. Aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Alichofanya ni kwamba wakati wa mapumziko yake ya kwanza, kabla Tabitha hajalala, alikuwa anakwenda nyuma ya ghala na kumpigia. Aliniambia mwaka uliofuata kwamba mwanzoni walikuwa hawana la kusema. Anamuuliza umekula nini, anajibu tambi. Na kesho tena tambi. Ikabidi Barasa aanze kumsimulia mambo ya Bungoma, ya ndugu zake, ya baiskeli waliyokuwa wakigombania, mpaka msichana akawa yeye ndiye anayeuliza, "Halafu ikawaje?" Mapumziko yenyewe hayakuwa marefu, kwa hiyo hadithi zilikatikia katikati.

Mama Tabitha alikuja kwangu kila mwaka baada ya hapo, na alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakinisalimia dukani. Sasa ngojeni niwaambie mara ya mwisho nilipomfanyia kazi, muda mfupi kabla sijastaafu.

Tabitha alikuwa ameshakwenda chuo Pennsylvania, anakaa bwenini. Mama yake alikuja peke yake. Nilishangaa kumwona ana nguo za kawaida na macho ya mtu aliyelala.

"Nimepata zamu ya mchana," alisema. "Niliomba tangu ile Jumamosi yetu. Walinipa mwaka wa mwisho wa shule yake."

Tukaanza kazi. Nikamuuliza maswali yale yale, nikafika kwa mtoto. Aliniambia anadhani sasa inabidi amwondoe, maana Tabitha halali tena kwake. Nikamwambia hapana. Mtoto aliye bwenini kwa ajili ya masomo anahesabiwa kuwa yuko nyumbani. Ni kama ametoka kidogo.

"Kwa hiyo wanasema bado yuko?"

"Kwa kodi, yuko."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi narudi saa kumi na moja jioni nawasha taa zote, Mama Salome. Wao wanasema yuko."

Niliendelea kuandika, kwa sababu wakati mwingine hilo ndilo mnaloweza kumfanyia mtu. Nikamaliza, nikamgeuzia aweke sahihi, akaweka. Hapo mteja huwa anasimama. Hakusimama. Nje kulikuwa na watu wawili wanasubiri.

"Tulipata miezi michache," alisema. "Ya kula pamoja. Mimi niko mbele ya jiko kama mama wa watu, napika ugali, napika sukuma, nakaanga kuku. Na yeye alikuwa anakula polepole, polepole mpaka chakula kinapoa. Namwambia, Tabitha, kama hakina ladha sema. Anasema ni kitamu. Namwambia, basi kula. Nilikuwa nakasirika, nimechoka, nataka kuosha vyombo nilale. Nilidhani amezoea tambi za dukani, anadharau mapishi yangu."

"Kumbe?"

"Juzi alinipigia kutoka huko chuoni. Ananiambia hapo bwenini watu wanakula haraka haraka na kuondoka. Nikamwambia, wewe tena, mtu wa kula mpaka usiku. Akasema, Mum, haikuwa habari ya chakula. Nilijua tukimaliza utainuka."

Nilizima kompyuta. Nikaenda mlangoni, nikawaambia wale wawili waliokuwa wakisubiri kwamba nitachelewa kidogo, nikarudi, nikaweka maji ya chai.